Nafasi mbili za uzamivu wa kemia, na baba anauliza "giza ngapi?"

BARUA

Shikamoo Mama,

Mimi ni binti wa miaka 28, mzaliwa wa Ujiji, mwalimu wa kemia katika shule ya sekondari ya serikali hapa Kigoma. Nina shahada ya uzamili ya kemia. Naomba unisome mpaka mwisho, kwa sababu hapa nyumbani kila ninayemweleza ananiambia nimshukuru Mungu nina ajira, na mazungumzo yanaishia hapo.

Kemia niliipenda kabla sijajua jina lake. Mama yangu anapika sabuni ya mawese. Utotoni nilikuwa nakaa pembeni ya sufuria namwangalia anamimina maji ya kostiki kwenye mafuta, anakoroga, anakoroga, mafuta mekundu yanapauka na kuwa mazito kama uji, kesho yake anakata miche. Siku moja nikamuuliza mafuta yameenda wapi. Akasema, "Yamo humo humo, yamegeuka." Jibu lile sijalisahau hadi leo.

Kwenye uzamili nilifanya kazi na mizizi ya mti mmoja wa dawa. Kazi yangu ilikuwa kutenganisha viambato vyake na kuvifanyia mabadiliko madogo. Kuna siku nilikaa na kolamu ya silika, bomba lililojazwa unga wa kutenganishia viambato, kuanzia saa mbili asubuhi. Saa kumi jioni ukanda wa njano ukaanza kushuka peke yake, umejitenga na takataka nyingine zote, nikawa nakinga chupa moja baada ya nyingine. Nilipokausha kiyeyushi zikabaki chembe za njano chini ya chupa, ndogo kama chumvi ya mezani. Nililia pale pale, sikujali nani ananiona.

Chembe zile zilipelekwa nje ya nchi kupimwa kwa mashine ya NMR, ile inayoonyesha atomi za molekuli zimeunganaje. Nilisubiri miezi 7. Majibu yalipokuja, kumbe ni kitu kilichojulikana tangu zamani. Makala ilipotoka, jina langu lilikuwa la tatu, nyuma ya mtu ambaye sikuwahi kumwona maabara hata siku moja. Nilipouliza niliambiwa nijifunze subira. Sitaki kutaja mtu wala chuo. Nataka tu ujue woga wangu umetoka wapi.

Pamoja na hayo sikuacha kuomba nafasi, na mwaka huu nimepata mbili.

Ya kwanza ni Ujerumani. Profesa ni maarufu, maabara yake ina watu 25 hivi. Nitapewa mkataba wa kazi wa miaka 3, na mshahara ambao kwangu ni ndoto. Kazi ni usanisi kamili (kujenga maabara kuanzia vipande vidogo) wa molekuli moja iliyopatikana kwenye sponji wa baharini, na mpango wao una hatua 31. Mahojiano yalichukua dakika 20, nusu yake nikizungumza na msaidizi wake.

Ya pili ni Afrika Kusini. Ni kundi dogo la watu 7, linafanya biolojia ya kikemia. Wanatengeneza molekuli ndogo zenye kijimkia cha kunasia, wanaziingiza kwenye vimelea vya malaria, kisha wanaangalia zimeshika protini zipi. Fedha ni kidogo, na ufadhili wa mwaka wa tatu hawajaniahidi. Nitatakiwa pia kusimamia vipindi vya maabara vya wanafunzi wa shahada ya kwanza. Lakini msimamizi, ambaye ni mama, aliniandikia barua pepe ya kurasa mbili. Aliniuliza kuhusu ile kolamu yangu maswali ambayo hata waliokuwa wakinisimamia hawakuwahi kuniuliza.

Wenzangu wanasema hili si la kuuliza, nenda Ulaya. Mimi ndoto yangu ni kurudi na kufungua maabara ya utafiti hapa hapa Kigoma. Baba ni mvuvi wa dagaa, anahesabu miezi kwa giza na mbalamwezi. Nilipomwambia nataka kwenda kusoma akaniuliza, "Giza ngapi?" Sikuwa na jibu. Mama anauliza habari ya ndoa. Mkuu wa shule kanionya kwamba nikiondoka ovyo nitafukuzwa kazi. Na bado nakatwa deni la Bodi ya Mikopo. Natakiwa kujibu kote kuwili ndani ya wiki 3.

Nichague ipi, Mama? Na kweli kazi hii ina maisha kwa mtu anayetaka kurudi?

Binti wa Ujiji

JIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu kwa sauti, kwa ajili ya ile kolamu ya njano.

Nenda Afrika Kusini. Nimelitanguliza jibu ili yanayofuata uyasome ukiwa umetulia, na ukinikatalia ujue unakataa nini hasa.

Wenzako wanaangalia mshahara na jina la profesa. Hawakosei kuyaangalia, na mimi niliyafuata hayo hayo. Nilikwenda Ulaya nikiwa na umri kama wako, nikakaa miaka 4 natengeneza molekuli moja ya hatua 22. Nilijifunza kufanya kazi kwenye nyuzi 78 chini ya sifuri, chupa imezama kwenye barafu kavu na asetoni, hewa imenyonywa yote na nafasi yake imechukuliwa na gesi ya agoni, maana unyevu kidogo tu ungeharibu kila kitu. Nikawa hodari wa kazi ile. Kisha nikarudi nyumbani na cheti changu, nikakuta barafu kavu hakuna, mtungi wa agoni ukiisha unasubiri miezi, na umeme ukikatika usiku kazi ya wiki nzima inakwenda na maji. Nilikaa miaka 6 nafundisha tu, na mikono ikaanza kusahau. Kabla ya kuondoka sikuwahi kujiuliza nikirudi nitaifanya kazi hii kwa vifaa gani. Hakuna aliyeniuliza pia. Ndiyo maana nakuuliza wewe sasa, ukiwa bado na wiki 3.

Usidhani naudharau usanisi kamili. Ni kazi tukufu. Robert Woodward na Albert Eschenmoser walipokamilisha vitamini B12 mwaka 1972, ilikuwa imewachukua zaidi ya miaka 10 na watafiti wapatao 100, Harvard na Zürich pamoja. Na huyo sponji wa Wajerumani wako si mchezo: mwaka 1992 kundi la Yoshito Kishi pale Harvard lilikamilisha usanisi wa halikondrini B, molekuli ya sponji wa baharini, na kutokana na kazi ile ikaja eribulini, dawa ya saratani ya matiti iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2010. Kuna mgonjwa mahali fulani anayeishi leo kwa sababu watu waliinamia chupa zao miaka mingi.

Lakini wewe ni mwalimu, hebu piga hesabu. Tuseme hatua zote 31 zinafuatana kwa mstari mmoja, na kila hatua inakupa asilimia 80 ya mazao yaliyotarajiwa, ambayo mkemia yeyote angeifurahia. Zidisha 0.8 kwa yenyewe mara 31. Inabaki kama sehemu 1 kati ya 1,000. Kwa hiyo muda mwingi hutakuwa unagundua chochote, utakuwa unarudi hatua ya 5 kutengeneza mzigo mwingine wa kukufikisha hatua ya 20. Mkataba ni wa miaka 3. Kundi jingine likimaliza kabla yenu, molekuli yako imepoteza nusu ya thamani yake kwa wahariri wa majarida. Na katika maabara ya watu 25, profesa utamwona kwenye kikao cha kundi na kwenye korido. Dakika zile 20 za mahojiano zilikuonyesha maisha yatakavyokuwa, mwanangu. Ziamini.

Sasa tazama hiyo ya pili kwa jicho la mtu atakayerudi. Huo "kijimkia cha kunasia" bila shaka ni alkaini au azidi, vikundi viwili vya atomi vinavyoweza kushikana, na kazi ya kuvifunga pamoja ndiyo iliyompa Nobeli ya kemia ya 2022 Carolyn Bertozzi, pamoja na Morten Meldal na Barry Sharpless. Unajua kichocheo kinachotumika kwa kawaida kinatoka wapi? Wanachukua mrututu, yaani salfeti ya shaba, huu huu wa bluu ambao wanafunzi wako wanaotesha fuwele zake, wanauongezea askobati ya sodiamu, ambayo ni chumvi ya vitamini C. Kazi inafanyika ndani ya maji, kwenye joto la chumba, wala huhitaji agoni ya kufa na kupona. Nilipoijua mara ya kwanza nilikaa chini. Nilifikiria miaka yangu 6.

Shaba ni sumu kwa seli hai, ndiyo maana Bertozzi alitafuta njia isiyoitumia: aliikunja alkaini kwenye pete iliyobanwa, ikawa na hamu ya kufunguka yenyewe bila kichocheo. Hiyo inadai usanisi mgumu zaidi, na hapo ndipo mikono yako itakapofundishwa kweli. Tahadhari moja tu: azidi zenye molekuli ndogo hulipuka. Usizikaushe, usizikwangue, usizirundike. Na nikiwa hapo hapo: mwisho wa 2008 kijana mmoja wa kike, miaka 23, msaidizi wa maabara huko Los Angeles, aliungua kwa tert-butili lithi, kemikali inayowaka yenyewe ikigusa hewa, iliyoshika moto alipokuwa akiivuta kwa bomba la sindano. Hakuwa amevaa koti la maabara. Alifariki siku 18 baadaye. Popote utakapokwenda, siku ya kwanza uliza bafu la dharura liko wapi, na ukiona watu wanacheka swali hilo, jua uko mahali pabaya.

Umezungumzia NMR na miezi 7. Ningependa uelewe kinachoifanya mashine ile iwe ngumu kuwa nayo, maana watu husema "hatuna fedha" na kuishia hapo. Sumaku yake inafanya kazi ikiwa imezama kwenye heliamu iliyogeuzwa kimiminika, nyuzi 269 chini ya sifuri, na nje yake kuna nitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini. Heliamu inavukiza, lazima iongezwe kila baada ya muda, na ikikosekana sumaku inazimika na hasara yake ni kubwa. Kwa hiyo kununua ni mwanzo tu, mzigo ni kuilisha kila mwaka. (Na uchungu wenyewe: mwaka 2016 ilitangazwa kuwa kuna heliamu nyingi chini ya bonde la Rukwa, jirani zetu hapa.) Siku hizi kuna NMR za mezani zenye sumaku ya kudumu, hazitaki heliamu kabisa. Hazioni kwa ukali wa zile kubwa, hazifai kwa molekuli ya hatua 31, lakini kwa molekuli ndogo kama zile za kundi la Afrika Kusini zinakutosha kujua kama ulichotengeneza ndicho ulichotaka. Protini zilizonaswa bado utazituma kwingine kupimwa kwa spektromita ya masi, mashine inayopima uzito wa molekuli, sikufichi. Ila kutuma kitu kimoja mara moja kwa mwaka ni tofauti na kutuma kila chembe unayotengeneza.

Nije kwenye jambo ninalolijali kuliko yote. Novemba 1987, kule Mahale, ndani ya mkoa wako huu, sokwe jike aliyeitwa Chausiku alionekana mgonjwa, amelegea, halafu akawa anavunja vijiti vya mti mchungu uitwao Vernonia amygdalina, anamenya, anatafuna kiini chake kichungu na kunyonya maji yake. Kesho yake alasiri alikuwa amepata nafuu. Waliomwona ni mtafiti Michael Huffman na Mzee Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe, ambaye aliujua mti ule kuwa ni dawa kwa watu wake. Waliandika pamoja mwaka 1989, majina yote mawili yakiwa juu ya makala. Kisha wakemia wa Chuo Kikuu cha Kyoto wakatenga viambato vichungu vya mti ule, vernodalini na vernoniosidi, wakavipima nguvu zake dhidi ya vimelea.

Angalia nani alikuwa na nini. Swali lilitoka Mahale. Aliyeujua mti ni Mtongwe. Kolamu na NMR zilikuwa Kyoto. Sisemi Wajapani walikosea, walifanya kazi nzuri na jina la Mzee Kalunde liko pale wazi kwa kila asomaye. Nasema mwaka ule hatukuwa na binti wa Ujiji wa kuishika ile chembe. Leo yupo. Sponji wa Wajerumani anaweza kusubiri. Mabadiliko ya kijeni yaitwayo R561H, yanayohusishwa na vimelea vya malaria kuchelewa kufa kwa dawa za atemisinini, yameshaonekana Kagera. ALu, dawa ya mseto ya malaria tunayoitegemea tangu sera ilipobadilika mwaka 2006, ina dawa ya jamii hiyo hiyo ya atemisinini ndani yake. Kujua molekuli inashika protini gani ndani ya kimelea ni kujua dawa ijayo iguse wapi. Swali hilo ukirudi nalo, taasisi za utafiti wa afya za Ifakara na NIMR zina watu wanaoishi na malaria ya nchi hii kila siku, na utakuwa na kitu mkononi cha kuwapelekea.

Kama unataka mtu aliyeipita njia hii, msome Kelly Chibale. Ni Mzambia, alisoma Zambia, uzamivu akafanyia Cambridge, akafanya utafiti Liverpool na kwenye taasisi ya Scripps kule California, akaenda Cape Town. Mwaka 2010 alianzisha H3D, kituo cha kugundua dawa, ndani ya Chuo Kikuu cha Cape Town. Molekuli yao ya malaria, MMV390048, ilianza kujaribiwa kwa binadamu mwaka 2014. Haikufika dukani, na wewe mkemia unajua nyingi hazifiki. Lakini ilitengenezwa na watu waliokuwa bara hili.

Sasa mambo ya kuuliza kabla hujasaini. Yule mama mwandikie wiki hii, umshukuru, kisha umuulize waziwazi: jina la kwanza kwenye makala anapewa nani, na hilo linaamuliwa lini? Umeshaumia mara moja kwa kutouliza. Msimamizi mwema hatachukia swali hilo. Omba pia anwani za wanafunzi wake wawili waliomaliza, na mmoja aliyeacha kabla ya kumaliza kama yupo, uzungumze nao bila yeye. Uliza wako wapi leo. Na lile daftari lako la maabara la uzamili, lenye tarehe, lihifadhi. Kugombana juu ya makala ile sasa sikushauri, itakula nguvu unazozihitaji kwingine. Ila usimtegemee mtu yule kwa barua ya sifa tena. Mwombe fundi sanifu au mhadhiri aliyekuona umesimama na kolamu kutwa nzima.

Kuhusu mwaka wa tatu usio na fedha: kuna OWSD, shirika la wanawake wanasayansi wa nchi zinazoendelea, makao yake Trieste, Italia. Limekuwa likifadhili uzamivu wa wanawake kutoka nchi kama yetu, kwa sharti kwamba wasome katika nchi nyingine inayoendelea. Ujerumani isingekupa mlango huo, Afrika Kusini inakupa. Ingia tovuti yao leo, soma masharti yote, mwambie msimamizi muombe pamoja. Mtandao wa NAPRECA, wa watafiti wa kemia ya mimea Afrika Mashariki na Kati, uko tangu 1984, jiunge nao hata kabla hujaondoka. Na ukishamaliza mwaka wa pili, omba miezi 6 kwenye maabara ya Ulaya, hata kwa profesa huyo huyo wa sponji. Mjibu kwa heshima sasa, umwambie kwa nini hujaichukua nafasi yake, uache mlango wazi. Ukajifunze nyuzi 78 chini ya sifuri, urudi.

Swali lako la mwisho, kama kazi hii ina maisha. Ina maisha, ila ni marefu kabla hayajatulia. Uzamivu utakula miaka 4, usijidanganye na 3. Baada yake, ukitaka jina, utafanya utafiti kwa mtu mwingine miaka 2 au zaidi kwa mikataba mifupi, huku ukiandika mpango wako mwenyewe: maswali mawili au matatu utakayoyafanyia kazi miaka 5 ya kwanza, na vifaa vyake. Mpango huo ndio utakaokuajiri. Hapa nchini matangazo ya kazi za vyuo vya umma huangalia sana GPA, 3.8 kwa shahada ya kwanza na 4.0 kwa uzamili ni vizingiti utakavyokutana navyo mara nyingi, kwa hiyo vyeti vyako viangalie mapema. Ukishaingia, kuna ngazi za mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, na kila ngazi inapandwa kwa makala. Wengine wazuri kabisa huishia viwandani au kwenye mamlaka za dawa. Nao ni maisha, wala si kushindwa.

Maabara ya Kigoma, hapo nakuomba uvute subira ya kweli, si ile uliyoambiwa. Usianze na jengo la peke yako. MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, imeichagua Kigoma kwa kampasi yake kupitia HEET, mradi wa serikali wa elimu ya juu. Mahali penye wagonjwa, walimu na umeme wa uhakika ndipo maabara huota. Huenda ukaanzia Dar es Salaam au Arusha, ukawa unashuka Kigoma kwa mimea na sampuli. Na kila unachokitoa nchini kitoe kwa kibali, kwanza cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, na makubaliano ya maandishi ya nani ana haki gani.

Mama yako na ndoa: huo ni mjadala wenu, mimi sitauingilia, ila mwambie hata Afrika Kusini watu huoa na kuolewa.

Baba yako anaijua Liemba. Mwambie meli ile iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikatiwa kwenye masanduku, ikaja Dar es Salaam, ikapanda reli mpaka Kigoma, ikaungwa upya na kushushwa ziwani mwaka 1915. Kazi yako ndiyo hiyo. Unaifungua molekuli kwenye karatasi mpaka vipande unavyoweza kuvinunua, halafu unaiunga. Nadhani atakuelewa kuliko wengi niliowafundisha. Na umjibu swali lake, kwa sababu ameuliza vizuri: miaka 4 ni giza 49. Mwambie 49, usipunguze ili kumfurahisha, na umwambie ni zipi utakuwa nyumbani kwa likizo.

Kazi yako usiitoroke. Andika barua ya kuomba ruhusa ya masomo kwa mkurugenzi wa halmashauri kupitia mkuu wa shule, uambatishe barua ya udahili. Wakati huo huo waandikie Bodi ya Mikopo uwaeleze, maana mshahara ukisimama makato ya asilimia 15 nayo yatasimama, lakini deni halitasimama. Barua ya mkurugenzi ipeleke mwenyewe kwa mkono masijala, na usiondoke dirishani mpaka nakala yako iwe imegongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe.